Mnywa Sere: Mtemi aliyefuta njia ya bure ya Unyanyembe

MISAFARA ya karne ya 19 iliyotoka pwani ya Bagamoyo, ikishaponea kiu na jua la Mgunda Mkali, ilipata pumzi Tura, ikapita Rubuga na Kigwa, ndipo ikaingia Kaze, mahali ulipo mji wa Tabora. Majina ya Tura na Kigwa yangalipo, katika nchi inayoizunguka Igalula, wilayani Uyui. Katika kipande hicho cha njia ndimo Mnywa Sere, Mtemi wa Unyanyembe, alimopigania haki moja hadi ikamgharimu kiti na hatimaye kichwa chake: haki ya kuwatoza wakubwa wa njia gharama ya njia.

Wageni waliandika jina lake kwa namna nyingi, Manua Sera na Manwa Sera zikiwamo. Mwingereza John Hanning Speke, aliyekutana naye uso kwa uso, alilifasiri kuwa ni jina la mtu apendaye kinywaji. Huenda tafsiri hiyo imemfanya aonekane mtu wa mchezo kuliko alivyokuwa.

Alitawazwa mwishoni mwa miaka ya 1850, baada ya kufariki Mtemi Fundikira, mwenye jina ambalo Watanzania wengi walilisikia tena kupitia Chifu Abdallah Fundikira, mmoja wa mawaziri wa kwanza wa Tanganyika huru. Urithi wake haukuwa na msingi mgumu. Kwa desturi ya zamani ya Wanyamwezi, utemi ulipitia upande wa mama, na hata pale watoto wa kiume walipoanza kurithi, ndugu wa ukoo hawakukosa hoja za kupinga. Mnywa Sere alikuwa mwana wa Fundikira kwa mama aliyekuwa mtumwa. Jambo hilo halikumzuia kukaa kitini, ila liliwawekea wapinzani wake akiba ya maneno.

Nchi aliyorithi ilikuwa njiapanda. Kutoka Kaze njia moja ilikwenda Ujiji, nyingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda, nyingine kusini. Vitambaa vya merikani na kaniki, shanga na nyaya vilipanda kutoka pwani. Pembe za ndovu na watumwa wakashuka. Mpagazi mmoja alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, yaani zaidi ya kilo 30, na misafara mikubwa ilikuwa na wapagazi mamia kwa mamia. Richard Burton na Speke, mwaka 1857, walitumia siku 134 kutoka pwani hadi Kaze.

Umati huo ulikula, ukanywa, ukachota maji katika visima vya watu na kupika kwa kuni za watu. Mahali pengine ulilipia. Huko Ugogo kila mkuu wa nchi alidai hongo, neno ambalo wakati huo halikuwa na aibu liliyo nayo leo. Ulikuwa ushuru wa kupita, na aliyekataa kulipa hakupata maji. Unyanyembe mambo yalikuwa tofauti. Watemi waliomtangulia Mnywa Sere walikuwa wamewakubalia Waarabu wakae na kufanya biashara bila ya kutozwa kodi. Undugu wa ndoa uliyatia nguvu makubaliano hayo: Muhammad bin Juma, baba yake Tippu Tip, alimwoa Karunde, binti wa Fundikira.

Makubaliano hayo yalikuwa na maana yalipofanywa. Wafanyabiashara walikuwa wachache, na mtemi alifaidika kwa kuwavuta wapite kwake badala ya kupita kwa jirani. Lakini Kaze ilikua. Mwanzoni mwa miaka ya 1850 Musa Mzuri, mfanyabiashara wa Kihindi, na Snay bin Amir, Mwarabu wa Oman, walijenga hapo makazi yao, na wengine wakafuata na matembe yao, mashamba yao na watumwa wao wenye bunduki. Ahadi iliyotolewa kwa wageni wachache ikawa sasa inatumiwa na matajiri waliopitisha sehemu kubwa ya mali yote ya njia ile, wala wasilipe chochote.

Mnywa Sere hakungoja. Mara baada ya kutawazwa aliweka ushuru kwa bidhaa zote zilizoingia nchini mwake. Waarabu walilalamika kwamba neno limevunjwa. Mtemi alishikilia kwamba nchi ni yake.

Ugomvi wa namna hii haukuzikwa pamoja na misafara. Kampuni za intaneti za karne hii, kote duniani, zimeuza vifurushi zinavyoviita visivyo na kikomo, kisha zikaweka katika maandishi madogo sharti kwamba atakayepita kiasi fulani atapunguziwa kasi. Ujumbe mfupi utakwenda. Picha za video zitakwama. Sababu zitolewazo si za uongo zote, kwani uwezo wa mnara mmoja hugawanywa kwa wote walio chini yake, na wachache wenye kupakua mno huwabana walio wengi. Lakini mnunuzi naye alinunua neno, na neno lilikuwa bila kikomo. Nchini Marekani, tume ya serikali inayolinda wanunuzi iliishtaki kampuni ya AT&T mwaka 2014 kwa kuwapunguzia kasi wateja zaidi ya milioni tatu wa vifurushi vya aina hiyo, baadhi yao wakiwa wametumia gigabaiti mbili tu kwa mwezi. Mwaka 2019 kampuni hiyo ilikubali kulipa dola milioni 60 kumaliza shauri.

Unyanyembe ya mwaka 1860 haikuwa na tume wala mahakama ambayo pande zote mbili ziliiheshimu. Hoja ya Mnywa Sere ilikuwa nzito: aliyetumia njia zaidi ndiye aliyelipa kidogo zaidi, na visima havikuwa vya Waarabu. Ila aligeuza masharti kwa tamko, bila ya kuketi na waliopewa ahadi, na tena akiwa mtawala mpya ambaye ukoo wake mwenyewe haukuwa umemkubali kwa kauli moja. Musa Mzuri alikuwa upande wake. Wengi wa Kaze hawakuwa.

Hao wengi hawakukata rufaa. Walitafuta mtemi mwingine. Walimpata Mkasiwa, mtu wa ukoo huohuo wa watemi, wakamsaidia kwa bunduki hadi Mnywa Sere akafukuzwa kitini mwaka 1860. Mkasiwa akatawazwa, na ushuru ukaondoka na aliyeuleta. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba mzozo wa ushuru ulikuwa umezaa swali kubwa zaidi, la nani humweka mtemi wa Unyanyembe.

Mnywa Sere alikimbilia mashariki, katika nchi ileile ya Kigwa, Rubuga na Tura. Uchaguzi huo ulikuwa wa akili. Aliyeshindwa kutoza njia mjini Kaze aliweza kuibana porini, kwa kuwa hakuna mzigo uliofika Kaze kutoka pwani kwa njia hiyo bila ya kupita hapo. Akiwa na watu wachache wenye silaha, hapa leo, kesho kule, alivizia misafara na kutoweka. Wakuu wadogo wa njiani wakajikuta kati ya moto miwili. Maula, mzee wa Rubuga, alimpokea.

Hapo Rubuga, Januari 1861, ndipo Speke, akiwa katika safari yake ya pili pamoja na James Grant, alipokutana na mtemi aliyefukuzwa. Mnywa Sere alikuja na walinzi wenye bunduki, akamweleza kisa chake: namna alivyorithi, namna alivyotoza, na namna Waarabu walivyompindua. Aliomba msaada wa mgeni ili kesi yake isikilizwe. Sehemu kubwa ya yale yajulikanayo kuhusu hoja zake inatokana na mazungumzo hayo, na ni jambo la nadra, kwa kuwa historia ya njia ile imeandikwa zaidi na waliosafiri juu yake kuliko na waliokaa pembeni mwake.

Speke alijaribu kweli kuwapatanisha mwaka huo, na haikuwa kwa wema peke yake. Vita vilikuwa vimemkwamisha yeye mwenyewe. Chakula kilipungua Kaze, wapagazi hawakupatikana kwa kuogopa kuvamiwa, na msafara wake ulikwama miezi. Wajumbe walikwenda na kurudi. Hapakupatikana mwafaka juu ya nchi ambayo Mnywa Sere angerudishiwa, kwani Waarabu hawakuwa tayari kumwondoa Mkasiwa.

Waliolipa gharama ya ukaidi huo wa pande mbili walikuwa wengi. Maula aliuawa kwa kosa la kumhifadhi mgeni wake. Snay bin Amir, aliyekuwa miongoni mwa vigogo wa Kaze na mwenyeji mkarimu wa Burton miaka michache kabla, aliuawa vitani mwaka 1861, pamoja na Waarabu wengine kadhaa. Musa Mzuri, ambaye pengine ndiye pekee angesikilizwa na wote, alifariki mwaka huohuo. Wapagazi wa Kinyamwezi, ambao hawakuwa na neno katika makubaliano ya mwanzo wala katika ushuru uliofuata, walipoteza kazi za misimu kadhaa.

Mnywa Sere alidumu porini kwa takriban miaka mitano, jambo ambalo kwa mtawala asiye na ikulu wala ghala si dogo. Alitafuta marafiki hadi Ugogo, akapigana, akashindwa, akaibuka tena. Mwaka 1865 alikamatwa na kukatwa kichwa. Mkasiwa alibaki kitini hadi alipofariki mwaka 1876.

Njia haikutulia kwa kifo hicho. Mwaka 1871 Mirambo wa Urambo, naye akigombana na Waarabu wa Tabora, aliifunga ile ya Ujiji na kuchoma sehemu za mji wenyewe. Henry Morton Stanley, aliyewahi kutoka pwani hadi huko kwa siku 84 katika mwaka huo, alipita Rubuga na kukuta magofu pale ambapo Burton alikuwa ameona vijiji vyenye watu na chakula tele. Wenyeji waliihesabu hasara hiyo kuwa ya vita vya Mnywa Sere na Waarabu. Upande wa kusini, mtu mwingine wa ukoo wa watemi wa Unyanyembe, aliyeondoka baada ya mwaka 1865, alikusanya ruga-ruga na kuiteka nchi ya Wakimbu hadi Mgunda Mkali. Huyo aliitwa Nyungu ya Mawe, na misafara iliyokuwa imekwepa ushuru wa Mnywa Sere iliendelea kukutana na watu wake hadi alipofariki Desemba 1884.