Habari za Billy Meredith na Zile Pauni Nne

Sisi vijana wa Nyakalengija huzaliwa tukiutazama mlima Rwenzori, na wengi wetu hupata shilingi zetu za kwanza kwa kubeba mizigo ya wageni wanaoupanda. Jioni tunacheza mpira. Mwaka jana kamati ya timu yetu ya kijiji ilikata shauri kwamba mchezaji yeyote, awe hodari awe goigoi, asipewe zaidi ya shilingi 5,000 kwa mechi moja, ili mfuko wa timu usikauke. Sote tulipiga makofi. Baada ya mechi tatu ikajulikana kwamba mshambuliaji wetu mmoja alikuwa akipelekewa debe la kahawa nyumbani kwake usiku. Ugomvi uliotokea siuelezi hapa. Mimi nilikuwa mlinda mlango, na debe sikuliona. Lakini ugomvi huo ndio ulionifanya nitafute habari za mtu mmoja aliyekufa zamani, ambaye mambo kama hayo yalimpata huko Uingereza.

Jina lake ni William Henry Meredith, lakini watu walimwita Billy. Alizaliwa tarehe 30 Julai 1874 katika Chirk, kijiji cha wachimbaji wa makaa ya mawe kaskazini ya Wales. Alipokuwa na miaka 12 aliingia mgodini, na kazi yake ilikuwa kuongoza farasi wadogo waliovuta vigari vya makaa gizani. Wazee wetu waliofanya kazi katika mgodi wa shaba wa Kilembe watajua ninalosema: mtu aliyezoea kushuka chini ya ardhi kila alfajiri, kwake uwanja wa majani ni sikukuu.

Klabu yake ya kwanza katika Ligi ilikuwa Northwich Victoria, iliyokuwa Daraja la Pili. Ilikuwa klabu maskini. Msimu wa 1893-94 ilishika mkia, kisha ikajitoa katika Ligi. Naomba msomaji aikumbuke klabu hii, maana nitairudia. Mwezi wa Oktoba 1894 Meredith akachukuliwa na Manchester City, nayo ikiwa Daraja la Pili. Mama yake hakupendezwa hata kidogo na mabwana wa mjini waliokuja kumchukua mwanawe, na kijana mwenyewe hakuiacha kazi ya mgodi mara moja. Alichimba makaa na kucheza mpira.

Alicheza pembeni upande wa kulia. Alikuwa mwembamba, miguu yake imepinda kidogo, na uwanjani alikuwa akitafuna kijiti cha meno. Walinzi walimjua kwa kijiti hicho, lakini kumjua hakukuwasaidia kumzuia. Mwaka 1899 City wakapanda Daraja la Kwanza.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Tangu mwaka 1901 Chama cha Mpira cha Uingereza kilikataza mchezaji yeyote kulipwa zaidi ya pauni 4 kwa juma, wala asipewe bakshishi ya ushindi. Amri hii ilizihusu klabu zote za Ligi, kubwa na ndogo. Pauni 4 hazikuwa fedha kidogo siku zile. Mafundi wengi hawakupata hata nusu yake, na wachezaji wengi wa klabu ndogo hawakufikia kiasi hicho. Waliotunga amri hawakuwa wajinga. Waliogopa kwamba klabu tajiri zitawazoa wachezaji wote hodari, na klabu za miji midogo zife kama Northwich. Lakini palikuwa na amri nyingine pia: mchezaji hakuweza kuhama bila idhini ya klabu yake, hata mkataba ukiwa umekwisha. Basi mtu alifungwa miguu na mikono pamoja.

Je, fedha zilikoma kutembea? Hata! Zilipita mlango wa nyuma. Meredith alikuwa akipewa pauni 6 kwa juma kwa siri. Mwaka 1904 alikuwa kapteni wa City walipotwaa Kombe kwa kuwafunga Bolton Wanderers 1-0, na goli lilikuwa lake. Mwaka uliofuata alishtakiwa kwamba alijaribu kumhonga mchezaji wa Aston Villa, akafungiwa. Kwanza alikana, baadaye akasema alitumwa na wakubwa wake. Katika hilo mimi simtetei. Klabu ilipoacha kumlipa, alifungua kinywa na kusema yote kuhusu malipo ya siri. Mwaka 1906 wachezaji 17 walitozwa faini, wakafungiwa, na kukatazwa kuichezea City tena. Meneja na mwenyekiti walifungiwa pia.

Meredith akavuka kwenda kwa majirani, Manchester United, akaanza kuwachezea siku ya mwaka mpya 1907. Mwezi wa Desemba mwaka huo yeye na wenzake walikutana katika hoteli mjini Manchester, naye akiwa mwenyekiti wa mkutano, wakaunda Chama cha Wachezaji. Mwaka 1909 wakubwa wa mpira waliwaamuru wachezaji wajitoe katika chama hicho. Wengi nchini walitii. Wale wa United, waliokuwa wametoka kutwaa Kombe, walikataa, wakakaa bila mshahara. Walipiga picha wakiwa na kibao chenye jina Outcasts, maana yake waliotupwa nje. Msimu ulipokaribia kuanza, wakubwa walikubali kukitambua chama. Kikomo cha mshahara kilibaki. Mwaka 1910 kiliongezwa hadi pauni 5 tu.

Mwenyewe aliendelea kucheza mpaka watu wakashangaa. Mwaka 1920, akiwa na miaka 45, alikuwamo katika timu ya Wales iliyoifunga Uingereza 2-1 mjini London. Mwaka 1924 alirudi kuichezea City nusu fainali ya Kombe akiwa na miaka 49. Alifariki tarehe 19 Aprili 1958. Kikomo, kilichokuwa kimefika pauni 20, kilifutwa mwezi wa Januari 1961. Hakuishi kukiona kikianguka. Kaburi lake lilikaa bila jiwe la jina hadi mwaka 2001.

Wala mambo hayakuishia hapo. Mwaka 2019 klabu ya Bury, karibu na Manchester, ilifukuzwa katika Ligi kwa sababu ya mambo ya fedha. Mwaka 2020 klabu za madaraja mawili ya chini ya Ligi zilipiga kura kuweka kikomo kipya, safari hii kwa jumla ya mishahara ya klabu: pauni milioni 2.5 daraja moja, milioni 1.5 daraja lililo chini yake. Chama kile kile cha Meredith kilipeleka shauri kwa waamuzi, na mwezi wa Februari 2021 kikashinda. Nikisoma hayo namfikiria Meredith, lakini naifikiria na Northwich pia, na sijui ningepiga kura upande gani.

Kamati yetu itakutana tena Jumamosi juu ya zile shilingi 5,000. Habari hizi nimezinakili katika daftari, nami nitazisoma mbele ya wazee. Mshambuliaji wetu ameahidi kuja, na aliyempelekea kahawa pia.