William Harvey na Safari ya Damu

Watu wa zamani walijua ya kuwa moyo hupiga na ya kuwa damu imo mwilini, lakini hawakujua damu hiyo yaenda wapi. Kwa muda wa miaka 1400 matabibu wa Ulaya walifuata mafundisho ya Galen, tabibu mkuu wa Wayunani. Yeye alifundisha ya kuwa chakula hugeuka damu katika ini, kisha damu huenea viungoni na kuishia huko, kama maji yamwagwayo shambani yakanywewa na udongo. Aliyeonyesha ya kuwa sivyo ni William Harvey.

Harvey alizaliwa tarehe 1 Aprili, 1578, katika mji wa Folkestone, pwani ya Uingereza. Baba yake alikuwa mfanyi biashara. Alisoma Canterbury, kisha Cambridge, halafu akavuka bahari kwenda Padua, katika Italia, ambako chuo chake kilisifiwa sana kwa utabibu. Huko mwalimu wake Fabricius aliwaonyesha wanafunzi ya kuwa ndani ya mishipa mna vilango vidogo vya utando mwembamba. Fabricius alidhani kazi yake ni kupunguza mwendo wa damu tu, isijae mikononi na miguuni. Harvey hakuyasahau aliyoyaona.

Mwaka wa 1602 alirudi kwao, na mwaka wa 1609 akawa tabibu wa hospitali ya St Bartholomew, London. Baadaye akawa tabibu wa Mfalme James I, kisha wa Mfalme Charles I. Pamoja na kazi hizo hakuacha kuchunguza. Alitazama mioyo ya wanyama wengi, na hasa ya vyura na samaki, kwa maana hiyo hupiga polepole, na jicho laweza kuifuata. Akaona ya kuwa moyo ni msuli: ukijikaza, damu hutoka, ukilegea, damu huingia.

Kisha akafanya hesabu. Alikadiria damu itokayo moyoni kwa pigo moja, akazidisha kwa mapigo ya nusu saa. Hata alipokadiria kiasi kidogo sana, jumla yake ilizidi damu yote ya mwilini. Leo twajua ya kuwa moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma damu kama lita 5 kila dakika, yaani lita 300 kwa saa, ambazo zajaza madebe 15. Nayo damu yake yote ni kama lita 5 tu. Ini gani liwezalo kufanya madebe 15 ya damu kwa saa moja? Basi ni lazima iwe damu ile ile, iendayo na kurudi.

Njia yake ni hii. Damu iliyokwisha kutumika hurudi upande wa kuume wa moyo, ikasukumwa mapafuni. Huko hupata hewa safi, ikarudi upande wa kushoto, na kutoka hapo husukumwa mwili mzima. Ya kuwa damu hupita mapafuni, Ibn al-Nafis, tabibu aliyekaa Misri, alikuwa ameyaandika katika karne ya 13. Lakini Harvey ndiye aliyeuthibitisha mzunguko wote.

Nawe waweza kuona jambo moja alilolionyesha. Teremsha mkono wako mpaka mishipa itokeze. Bonyeza mshipa mmoja kwa kidole, kisha kwa kidole kingine sukuma damu kuelekea kwenye kiwiko, mpaka upite kilango. Inua kidole hicho cha pili: mshipa wabaki mtupu, kwa kuwa kilango hakiruhusu damu kurudi nyuma. Inua kile cha kwanza, nao wajaa mara moja kutoka chini. Hivyo damu ya mishipa hii huenda upande mmoja tu, kuelekea moyoni.

Harvey hakuwa na haraka. Alifundisha na kujaribu kwa miaka mingi, na mwaka wa 1628 akatoa kitabu kidogo cha Kilatini, kilichopigwa chapa Frankfurt. Wengi walimpinga, kwa maana waliona ni aibu kumkanusha Galen. Hata wagonjwa wake walipungua. Riolan, tabibu mashuhuri wa Paris, alipoandika kumpinga, Harvey alimjibu kwa adabu na kwa hoja. Wakati wa vita vya Waingereza wenyewe kwa wenyewe, vilivyoanza mwaka wa 1642, nyumba yake ilitekwa nyara, na maandiko yake ya miaka mingi yakapotea. Hasara hiyo ilimhuzunisha sana.

Jambo moja hakuliona: damu hupitaje kutoka mishipa iendayo viungoni hata kuingia katika mishipa irudiyo moyoni? Alisadiki ya kuwa njia ipo, kwa kuwa hesabu yake ilimlazimisha. Alikufa tarehe 3 Juni, 1657, akiwa na umri wa miaka 79. Mwaka wa 1661 Malpighi, Mwitalia, alitazama pafu la chura kwa hadubini, akaiona mishipa iliyo myembamba kuliko unywele, iunganishayo njia zote mbili. Ndipo mzunguko aliouonyesha Harvey ulipokamilika.