Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu na Sadaka ya Upendo

Katika kitabu hiki cha jubilei yafaa tumkumbuke Mtakatifu Teresia, msimamizi wa misioni. Hakukanyaga nchi ya Afrika hata siku moja, walakini deni letu kwake ni kubwa.

Alizaliwa mjini Alençon, nchi ya Ufaransa, tarehe 2 Januari 1873. Mama yake alifariki mwaka 1877, ndipo baba yake akahamia Lisieux pamoja na binti zake watano. Tangu utoto Teresia alifundishwa kujinyima. Alikuwa na shanga zilizotungwa katika uzi, akivuta moja kila alipomtolea Mungu sadaka ndogo.

Tarehe 9 Aprili 1888, akiwa na umri wa miaka 15, aliingia monasteri ya Wakarmeli. Humo alitambua ya kuwa Mungu hatuhesabii shanga, hutazama moyo. Palikuwapo mtawa mmoja ambaye tabia zake zote zilimchukiza. Teresia akamtendea kama rafiki mpenzi, hata mwenyewe akauliza sababu ya kupendwa hivyo. Mwingine, walipokuwa wakifua, alimrushia maji machafu usoni bila kujua. Teresia akajizuia asirudi nyuma. Tena jioni alimwongoza mtawa mzee, mgonjwa, mpaka chumba cha kulia, akivumilia manung'uniko yake, kisha akamkatia mkate.

Kwaresima ya mwaka 1896 alifunga kwa ukali wote wa kanuni yao. Usiku wa kuamkia Ijumaa Kuu, tarehe 3 Aprili, akatokwa na damu kinywani. Ndio mwanzo wa kifua kikuu kilichomwua. Akaomba ruhusa ya kumaliza Juma Kuu pamoja na wenzake, akapewa. Hatusemi haya ili mgonjwa afunge, maana Kanisa halimdai. Twasema tuone moyo wake. Katika siku za Pasaka ile giza likaingia rohoni mwake, asionje tena furaha ya imani. Hata hivyo hakuacha kupenda.

Naye katika udhaifu wake alitembea bustanini kwa taabu, akiitolea kila hatua kwa ajili ya mmisionari fulani aliyechoka mbali. Alikuwa na ndugu wawili wa kiroho aliowaombea. Mmoja wao, Maurice Bellière, aliingia shirika la Mapadre Weupe, baadaye akatumwa Nyasa, nchi ambayo leo ni Malawi. Teresia alifariki tarehe 30 Septemba 1897, akiwa na umri wa miaka 24. Baba Mtakatifu Pius XI alimtangaza kuwa mtakatifu mwaka 1925, na mwaka 1927 akamweka kuwa msimamizi wa misioni pamoja na Mtakatifu Fransisko Ksaveri.

Basi, ndugu Wakristo, nasi walimu kwanza, tujihoji. Mara ngapi tumeshinda na njaa mchana kutwa, na jioni tukamkaripia mke na watoto kwa ajili ya njaa ile ile? Twajinyima nyama, wala hatujinyimi neno kali. Kufunga kwa namna hiyo ni njaa tu. Kwaresima itakapofika tena, kila mmoja wetu amtafute mtu yule ambaye moyo wake haumtaki, aanze kwake.

Mtakatifu Teresia, utuombee.