Maisha ya Ibn Khaldun

Abdulrahman bin Khaldun aliandika zaidi ya miaka 400 kabla Wazungu hawajaipa jina elimu ya jamii. Yeye aliiita elimu ya umrani. Twapenda kuwaeleza wasomaji maisha yake, kwani jambo alilolichimbua limo majumbani mwetu, nalo ni nasaba. Mfano wake tutautoa karibu, katika vilima vya Kisii.

Alizaliwa Tunis mwaka 732 wa Hijra (1332), katika jamaa iliyotoka Hadhramaut ikakaa Sevilla karne nyingi. Alipoandika habari zake alitaja majina kumi ya wazee wake mpaka kumfikia Khaldun, kisha akakiri kwamba kwa hisabu ya miaka yapasa yawe kama ishirini, basi mengine yamedondoka. Ni wangapi kwetu wenye shajara ukutani watakaoihisabu hivyo?

Tauni ya 1348 na 1349 ilimchukulia wazazi wake na walimu wake wengi. Alitumikia masultani wa Fez, akafungwa karibu miaka miwili, kisha akenda Granada. Mwaka 1364 alitumwa balozi kwa mfalme wa Castile, ambaye alitaka kumrudishia mali ya wazee wake pale Sevilla, akakataa. Fitina za siasa alizoingia na kutoka ni nyingi, wala hatumtakasi nazo. Lakini alipojitenga katika ngome ya Ibn Salama, iliyoko Aljeria, aliiandika Mukaddima kwa miezi mitano, akaimaliza mwaka 1377.

Humo alieleza asabia, yaani kule watu kushikana wakawa mkono mmoja. Asabia iliyokatazwa katika dini, alisema, ni ya kujifakhiri kwa wazee na kusaidiana katika batili. Ama nguvu ya kushikana ndiyo isimamishayo dola, na raha ya mjini ndiyo iilayo, hata dola kwa kawaida isipite vizazi vitatu, miaka 120. Nasaba yenyewe ni jambo la dhana. Faida yake ni kushikana tu. Mgeni aliyeshikana na watu huwa wao, na watu wa mjini waliokwisha kuachana, wakabaki kutaja nyumba zao, wanajivunia kivuli.

Wagusii hawakuwa na mfalme. Kitutu, Nyaribari, Bobasi na wengineo waligombana wao kwa wao, na mgeni aliyekuja kukaa, waliyemwita omomenyi, aliweza kupewa mahali pa kulima. Yapata mwaka 1892 walishikana, wakasaidiwa na Wajaluo, wakawavunja Wakipsigis huko Saosao. Mwaka 1908 Otenyo wa Kitutu alimchoma mkuki Northcote, mtawala wa Kiingereza. Jeshi likaja, likachoma nyumba na kuchukua ng'ombe, na mshikamano wa Saosao haukuonekana tena. Bunduki zilifanya kazi yake, hatukatai. Lakini nasaba ilikuwa ile ile siku zote mbili.

Ibn Khaldun alihamia Misri mwaka 1382. Jamaa yake walizama baharini wakimfuata. Alikuwa kadhi mkuu wa Kimaliki mara sita, akiuzuliwa na kurudishwa, na mwaka 1401 aliteremshwa kwa kamba kutoka ukuta wa Damascus akaonane na Timur. Alikufa Cairo, Ramadhani ya 808 (1406), akazikwa katika makaburi ya masufi nje ya Bab al-Nasr. Kaburi lake leo halijulikani lilipo.