Sheldon Segal: Mtu wa kijiti aliyekataa mwanamke alazimishwe

Mbinga mjini au kule chini Mbamba Bay, ukisema kijiti, kina mama wengi hawaulizi kijiti gani. Ni kile cha uzazi wa mpango, kinawekwa chini ya ngozi ya mkono, halafu unarudi zako kwenye kahawa au ufukweni kuanika usipa. Hakuna kidonge cha kukumbuka kila siku wala sindano ya kila miezi mitatu.

Nyuma yake kuna Sheldon Segal, mwanasayansi aliyezaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1926.

Cha kushangaza, stori inaanzia kwenye moyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari Judah Folkman, akiwa maabara ya jeshi la majini la Marekani, aliona mpira wa silikoni unapitisha dawa kidogo kidogo. Yeye alikuwa anatafuta namna ya kuutibu moyo. Segal, wakati huo yupo taasisi ya utafiti ya Population Council, akawaza: vipi ndani tukiweka homoni?

Akashirikiana na Horacio Croxatto, daktari wa Chile. Kazi ikala zaidi ya miaka 15. Mwaka 1983 Finland ikawa ya kwanza kuidhinisha Norplant: vijiti sita, kinga ya miaka mitano.

Marekani iliruhusu Desemba 1990, na balaa likaanza hapo. Siku mbili tu baadaye, tahariri ya gazeti la Philadelphia Inquirer ilishauri wanawake weusi maskini wapewe motisha ili waweke. Gazeti likaja kuomba radhi. Mwezi uliofuata, jaji wa California akaamuru mama aliyepatikana na hatia ya kupiga watoto wake awekewe.

Segal hakukaa kimya. Desemba hiyohiyo aliandika barua kwenye gazeti la New York Times akipinga kijiti kutumika kwa lazima kwa namna yoyote. Alikuwa amekitengeneza ili mwanamke aamue mwenyewe.

Kukawa na shida nyingine: kuweka ni rahisi, kutoa ndo kazi. Vijiti sita viliwahangaisha madaktari wasiofundishwa vizuri. Maelfu ya wanawake Marekani walifungua kesi, na 2002 Norplant ikaondoka kwenye soko la huko. Binafsi naona ni lilelile la kulazimishwa, maana kijiti ambacho huna wa kukutoa siku unayotaka si chaguo lako tena.

Toleo lililofuata, Jadelle, lina vijiti viwili tu. Segal alifariki Oktoba 2009 akiwa na miaka 83, kabla bei ya Jadelle kwa nchi maskini haijashushwa mwaka 2013 kutoka dola 18 hadi 8.50.

Leo kwenye vituo vya serikali huduma hii ni bure. Ukiwekewa, omba kadi yenye tarehe ya kutoa, uitunze. Ila ukitaka kitoke kabla ya tarehe hiyo, ni haki yako, huhitaji kumpa mtu sababu.