Ignaz Semmelweis: Daktari Aliyehesabu Vifo vya Wazazi

Ignaz Semmelweis alizaliwa mjini Buda, nchini Hungaria, mwaka 1818. Mwaka 1846 alianza kazi ya daktari msaidizi katika hospitali kuu ya Vienna. Hospitali hiyo ilikuwa na wodi mbili za wazazi: ya kwanza ya kufundishia wanafunzi wa udaktari, ya pili ya kufundishia wakunga. Wanawake walipokelewa kwa zamu za siku, leo wodi hii, kesho ile. Hata hivyo, mwaka huo walikufa wazazi 11 hivi katika kila 100 wodi ya kwanza, na wasiofika 3 wodi ya pili. Wengi waliuawa na homa ya uzazi.

Semmelweis hakukubali kuwa hayo ni majaliwa. Alichukua hesabu za vifo akazilinganisha. Je, ni msongamano? Wodi ya pili ndiyo iliyosongamana zaidi. Je, ni hewa ya mji? Wodi zote zilivuta hewa moja. Mwezi Machi 1847 rafiki yake, Daktari Jakob Kolletschka, alijeruhiwa kwa kisu katika kazi ya kupasua maiti, akafa kwa dalili zile zile. Hapo Semmelweis akatambua tofauti: wanafunzi wa udaktari walitoka kupasua maiti wakaenda kuwapima wazazi, lakini wakunga hawakupasua maiti. Katikati ya Mei aliamuru kila mtu anawe mikono kwa maji ya chokaa yenye klorini. Mwezi Aprili walikuwa wamekufa wazazi 18 katika kila 100. Julai alikufa 1 hivi.

Madaktari wengi hawakusadiki, kwa maana elimu ya vijidudu ilikuwa bado. Naye alikawia kuwaeleza: kitabu chake kilitoka mwaka 1861. Halafu akawaandikia wapinzani wake barua za wazi akiwaita wauaji. Alifariki mwaka 1865 katika hospitali ya wagonjwa wa akili, na wazazi wakaendelea kufa.

Siku hizi watafiti wa tiba hutumia kompyuta kulinganisha kumbukumbu za maelfu ya wagonjwa, lakini msingi ni ule ule: makundi yanayofanana, yenye tofauti moja. Mwalimu aweza kuuonyesha kwa matuta mawili ya maharagwe, moja likitiwa samadi, watoto wakihesabu na kuandika kila juma. Na wanaposhindwa kuelewa, asiwakemee; awawekee hesabu mbele yao, mapema, kwa subira.