J.M. Kariuki: Siku tisa za tetesi kandokando ya Ngong Road

KWA zaidi ya wiki moja mnamo Machi 1975, wafanyakazi waliotoka Kawangware na Kibera kuelekea mjini walikuwa wakipita karibu na mochari ya City, iliyo kandokando ya Ngong Road, huku wakibishana kuhusu alikokwenda Mbunge wa Nyandarua Kaskazini, Josiah Mwangi Kariuki. Mwili wa mtu waliyekuwa wakimtafuta kwa maneno ulikuwa umelazwa mumo humo, umeandikishwa kama maiti ya mtu asiyejulikana.

Josiah Mwangi Kariuki, aliyejulikana na wengi kwa herufi mbili tu za J.M., alizaliwa mnamo 1929 huko Kabati-ini katika Bonde la Ufa, katika familia iliyoishi kwenye ardhi ya walowezi. Alisoma hadi Chuo cha King's, Budo, nchini Uganda, na aliporejea nyumbani nchi ilikuwa tayari imeingia katika hali ya hatari. Mnamo 1953 alikamatwa na Waingereza kwa kuhusishwa na Mau Mau, akazungushwa katika kambi 14 za kizuizini hadi 1960. Masaibu hayo aliyasimulia katika kitabu kilichochapishwa mwaka wa 1963, mwaka ambao Kenya ilijipatia uhuru.

Mwaka huo huo alichaguliwa Mbunge, na pia alikuwa katibu wa kibinafsi wa Mzee Jomo Kenyatta. Baadaye aliteuliwa kuwa Waziri Msaidizi, kwanza katika Kilimo kisha katika Utalii na Wanyamapori. Alitajirika, na hakuuficha utajiri wake. Alipenda magari ya fahari, karata na mbio za farasi, na uwanja wa mbio hizo ulikuwa katika hiyo hiyo Ngong Road, si mbali na vibanda vya Kibera.

Hapa ndipo wachambuzi wengi wa maisha yake wamejikwaa. Wameuliza inakuwaje tajiri mwenye mashamba na farasi akawa mtetezi wa wasio na ardhi. Lakini kwa wapiga kura wake na kwa wakazi wa mitaa duni ya Nairobi swali hilo halikuwa na uzito mkubwa. Walichokiona ni kwamba alitoa fedha nyingi katika michango ya harambee, kisha akasimama hadharani kuonya kwamba Kenya ilikuwa ikielekea kuwa nchi ya mamilionea kumi na ombaomba milioni kumi. Alihoji jinsi mashamba ya walowezi yalivyogawanywa, na wakubwa waliojigawia walijua ni nani wanaolengwa.

Kibera na Kawangware zilikuwa na sababu zao za kumsikiliza. Kibera ilianzishwa na askari Wanubi wa jeshi la King's African Rifles waliopewa makao msituni na serikali ya kikoloni, na kufikia miaka ya sabini ilikuwa ikifurika wahamiaji kutoka mashambani waliokuja kutafuta kazi. Kawangware, iliyo katika eneo la Dagoretti, ilikuwa na wenyeji waliobaki na vipande vidogo vya ardhi, na wapangaji waliojengewa vyumba vya mbao na mabati juu ya vipande hivyo hivyo. Katika uchaguzi mkuu wa Oktoba 1974 wapiga kura wa Dagoretti walimwangusha Waziri wa Mambo ya Nje, Dkt Njoroge Mungai, jamaa wa Rais, na kumchagua mhadhiri wa chuo kikuu, Dkt Johnstone Muthiora. Katika uchaguzi huo huo J.M., ambaye mikutano yake ilikuwa imepigwa marufuku, alishinda kwa urahisi. Hakurudishwa serikalini.

Mwanzoni mwa 1975 mabomu yalianza kulipuka jijini. Kundi lisilofahamika lililojiita kwa jina la maskini lilitajwa kuhusika, na tangu hapo midomo ya watu haikufunga. Jumamosi, Machi 1, bomu lililipua basi lililokuwa likiondoka kwenda Mombasa na kuwaua watu 27. Kesho yake jioni, Jumapili, J.M. alionekana katika hoteli ya Hilton akiwa na Ben Gethi, kamanda wa kikosi cha GSU. Aliondoka hapo, asirudi nyumbani tena.

Jumatatu, Machi 3, mfugaji wa Kimaasai aliukuta mwili wa mtu aliyeuawa katika milima ya Ngong. Polisi waliarifiwa, maiti ikachukuliwa na hatimaye ikafikishwa mochari ya City. Kutoka milimani hadi mochari ni njia moja: inapita Karen, inapita Dagoretti Corner ambako watu wa Kawangware hugeukia, kisha inapita ubavuni mwa Kibera.

Jamaa zake wakaanza kuuliza, na polisi wakasema hawajui alipo. Wabunge nao wakauliza. Gazeti la Daily Nation likachapisha habari kwamba J.M. yuko Zambia. Haikuwa kweli, lakini ilitosha kuwapa watu jambo la kushikilia. Mtu mwenye fedha na marafiki kila mahali angeweza kweli kukimbilia Lusaka, hasa baada ya mabomu. Wengine walidhani amezuiliwa kwa siri, jambo ambalo kwa aliyekwisha kukaa kizuizini miaka saba halikuwa geni. Na wapo walioamini tangu siku ya kwanza kwamba ameuawa, kwa kuwa walikumbuka Pio Gama Pinto aliyepigwa risasi mnamo 1965, na Tom Mboya mnamo 1969.

Ni rahisi kuwacheka wapelelezi hao wa vituo vya mabasi na vibanda vya chai. Ukweli ni kwamba walikisia kwa sababu waliokuwa na habari walizikalia. Aliyesema J.M. amekufa hakuwa na ushahidi, ila alikuwa karibu zaidi na ukweli kuliko gazeti lililokuwa na waandishi na simu. Hata hivyo tetesi ziliwafaa pia wauaji. Kila siku iliyopita watu wakiitazama Zambia ilikuwa siku moja zaidi ambayo maiti ingeweza kubaki bila jina, na ya wasiojulikana haikai mochari milele.

Mnamo Machi 11, wake zake walifika katika mochari hiyo na kumtambua mume wao. Siku tisa zilikuwa zimepita. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliandamana, na Bunge likaunda kamati teule chini ya uenyekiti wa Elijah Mwangale ili kuchunguza mauaji hayo.

Kamati hiyo ilifanya kwa miezi miwili na ushei kazi ambayo polisi hawakutaka kuifanya. Ripoti yake, iliyowasilishwa Bungeni mnamo Juni 3, iliwalaumu polisi kwa kuficha ukweli na kupendekeza baadhi ya maafisa wachunguzwe zaidi, akiwemo Gethi. Majina mawili yaliondolewa kabla ya kuwasilishwa kwa amri ya Rais: la Waziri wa Nchi Mbiyu Koinange na la mlinzi wa Rais, Arthur Wanyoike Thungu. Kuondolewa kwake kukajulikana, na huenda majina hayo yalisikika zaidi mitaani kwa kufutwa kuliko ambavyo yangesikika kwa kuandikwa.

Serikali ilijaribu kuizuia ripoti isikubaliwe. Ilishindwa kwa kura 62 dhidi ya 59. Waziri Masinde Muliro alipiga kura pamoja na wabunge wa nyuma, akafutwa kazi siku hiyo hiyo, na mawaziri wasaidizi Peter Kibisu na John Keen wakafuata. Oktoba mwaka huo Martin Shikuku na Naibu Spika Jean-Marie Seroney walitiwa kizuizini, wakakaa humo hadi Desemba 1978, miezi michache baada ya kifo cha Mzee Kenyatta.

J.M. alizikwa shambani kwake Gilgil. Gethi alipandishwa cheo na kuwa mkuu wa polisi nchini, akatimuliwa baada ya jaribio la mapinduzi la 1982. Mwangale alikuja kuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyatazama tena mauaji hayo katika ripoti yake ya 2013. Hakuna mtu aliyewahi kuhukumiwa kwa kumuua.